Sponji ya mpini wa fimbo ya kuvulia: kuichagua, kuitoboa na kuifunga isizunguke

Chukua fimbo yako ya kuvulia. Didimiza ukucha wa kidole gumba kwenye mpini, hesabu mpaka tano, achia. Alama ikipotea papo hapo, sponji hiyo ni nzuri. Ikibaki imejichora kama mwezi mchanga hadi umalize kikombe cha chai, mpini huo utachimbika pale unaposhikwa kila siku, utalegea, na siku nguru mzito akikata kona kuingia chini ya boti utahisi ufito, ule mwili mwembamba wa fimbo, unazunguka ndani ya mpini huku kiganja chako kimebana kwa nguvu zote.

Fimbo nyingi ninazokarabati ni za mtumba, au zile ambazo wageni huwaachia manahodha wakimaliza likizo. Ufito wa kaboni mzima, rili ya kukunjia mshipi inazunguka kama jana, ila mpini umechakaa hadi unaacha unga mweusi mikononi. Kwa hiyo hapa nitazungumzia sponji tu. Kufunga pete za mshipi kwa uzi ni darasa lake.

Kuna jambo moja wateja hulipuuza: wanachagua rangi kwanza. Anza na mkono. Fimbo moja ina mpini wa nyuma na mpini wa mbele, na mikono miwili haifanyi kazi moja. Mara nyingi fimbo hiyo hiyo inataka sponji za ugumu wa aina mbili.

Zijue sponji zenyewe

EVA ndiyo utakayokutana nayo kila mahali. Ni plastiki iliyopulizwa ikajaa vijumba vidogo vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake, ndiyo sababu hainywi maji. Ni ndugu wa ndala nyepesi, wa soli za raba za michezo, na wa ile mikeka ya rangi ya watoto inayopachikwa kipande kwa kipande. Lakini EVA si kitu kimoja. Iko laini kama mkate wa boflo na iko ngumu kama kisigino cha kiatu, na zote zinauzwa kwa jina hilo hilo. Muuzaji akikuambia "ni EVA", amekuambia nusu ya habari.

Hypalon ni ya wazee wa fimbo za boti. Jina ni la kampuni ya DuPont ya Marekani, kwa aina ya mpira wa viwandani unaostahimili jua na chumvi. DuPont waliacha kuuzalisha mwaka 2010, ila katika biashara ya fimbo jina limebaki, na leo huitwa hivyo hata sponji nyingine zenye mpira mpira. Ni nzito kuliko EVA, inashika vizuri mkono ukiwa na utelezi wa damu ya chambo, na haichimbiki ovyo. Ukiipata kwa fimbo ya kukokotea chambo nyuma ya boti, ichukue. Kwa fimbo nyepesi ya kurushia ni mzigo wa bure.

Neoprini ni ile ya nguo za wapiga mbizi. Inavutika sana na ni tamu mkononi siku ya kwanza. Mimi siitumii kwenye mpini wa nyuma kwa sababu inajikunja pembeni na kuchanika pale fimbo inapoingia kwenye kishikio cha boti. Kama ganda jembamba juu ya mpini wa kaboni au mbao, inafaa.

Sponji ya godoro usiiguse. Vijumba vyake viko wazi, inakunywa maji ya bahari, na ndani ya miezi michache inanuka kama beseni la dagaa. Nimeshaletewa fimbo iliyofungwa sponji hiyo ikazungushiwa utepe mweusi wa umeme juu. Nilipoikata, maji yalitoka.

Kuna pia poliurethani ngumu, nyepesi, ya kukatika kama biskuti. Hii haishikwi na mkono. Kazi yake ni kujaza nafasi kati ya ufito na kiti cha rili (pale rili inapofungwa), au kuwa moyo wa mpini unaofunikwa kwa soksi ya nyuzi za kaboni na epoksi. Ukiiacha wazi itabonyea kwa kugongwa mara moja tu.

Na kizibo je, lile gome la mwaloni wa Ureno linalozibia chupa za mvinyo? Kinapendeza, kina joto mkononi, na mtetemo wa samaki anapoonja chambo unaupata vizuri zaidi. Kwa fimbo ya mtoni au ya ziwani sina ugomvi nacho. Ila kizibo cha bei nafuu kina mashimo yaliyojazwa unga na gundi. Chumvi na jua huung'oa ule unga, ukabaki na mpini uliotobokatoboka. Kizibo safi kisicho na mashimo ni ghali. Kwa bahari na bajeti ya kawaida, EVA ngumu inashinda.

Hatua ya kwanza: amua mkono unafanya nini

Fimbo ya kurushia kutoka ufukweni au mwambani: mkono wa chini unavuta, wa juu unasukuma, na kitako cha fimbo kinasugua kwapa na mbavu. Nyuma weka EVA ngumu na nyembamba, milimita 24 hadi 26 kwa kipenyo, iteleze chini ya mkono bila kukwama kwenye shati. Mbele unaweza kuweka kipande kifupi cha wastani, au usiweke kitu kabisa.

Fimbo ya boti ya kupigana na jodari, kolekole au sulisuli ni habari nyingine. Hapa mpini wa mbele ndio unaobeba vita. Mkono unaushika kwa dakika ishirini, wakati mwingine saa nzima, na kila unapoinua ufito vidole vinabana. Sponji ngumu sana hapo itakutoa malengelenge. Laini sana nayo itakuchosha, maana nusu ya nguvu inaishia kubonyeza sponji badala ya kuinua samaki. Nataka EVA ya wastani au Hypalon, ndefu sentimita 28 hadi 32, mkono upate pa kuhama. Unene: ukiushika, ncha ya kidole cha kati ibaki mbali kidogo na kiganja, kama upana wa penseli. Vidole vikizama kwenye kiganja, mpini ni mwembamba na mshipa wa mkono utakaza. Nyuma ya fimbo hiyo huingia kwenye kishikio cha boti au mkanda wa kiunoni, kwa hiyo hapo ni ngumu kuliko zote, au bomba la alumini moja kwa moja.

Fimbo ya kurusha chambo bandia siku nzima, kama wanavyofanya wanaomtafuta sangara kule Ziwa Victoria, inataka wepesi. Gramu ishirini za ziada kwenye mpini huzijui dukani. Baada ya kurusha mara mia tatu, bega linazijua. Hapo wengi hukata katikati ya mpini wa nyuma na kubakiza vipande viwili, kimoja karibu na kiti cha rili na kimoja kitakoni, ufito ukionekana katikati.

Hatua ya pili: ijaribu kabla ya kulipa

Jaribio la ukucha umeshalijua. Ongeza matatu.

Ipinde. Bomba la EVA la sentimita 25 lipindwe kidogo na kuachiwa. Likirudi na kunyooka, sawa. Likibaki na kiuno, liache dukani. Angalia mkunjo wa nje pia: mistari myeupe au vipele vilivyopasuka ni dalili kwamba sponji ilipulizwa haraka na vijumba vyake ni vikubwa.

Ipime uzito. Mzani wa jikoni unatosha. Kipande cha sentimita 10, kipenyo milimita 30, tundu la milimita 6, kina ujazo wa kama sentimita 68 za mchemraba. Kikiwa na gramu 6 au 7, hicho ni cha mapambo. Kwa mpini wa boti nataka gramu 11 na kuendelea. Uzito na ugumu si kitu kimoja, lakini kwa EVA huwa vinaongozana.

Izamishe. Omba kipande cha kutupa, kiweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima juu yake jiwe. Asubuhi kifute, kikate, kibane. Ndani kuwe kukavu kabisa.

Ukinunua mtandaoni huna ukucha wala ndoo, una namba tu. Wauzaji huandika ugumu kwa vipimo vya Shore A, Shore C au Asker C. Usilinganishe namba ya kipimo kimoja na ya kingine: 40 ya A si 40 ya C. Kama muuzaji kaandika namba bila herufi, muulize. Niliwahi kuagiza mabomba sita kwa kuamini namba tupu, yakaja laini mithili ya andazi. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba picha ilikuwa sahihi.

Hatua ya tatu: pima ufito, si kiti cha rili

Ufito hupungua unene kuelekea nchani, kwa hiyo mpini mmoja una vipimo viwili, chini na juu. Chukua vernia, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, weka alama kwa utepe wa karatasi mahali kila kitu kitakapokaa, upime kwenye alama.

Mfano wa fimbo ya boti ya mshipi wa paundi 50 iliyokuwa mezani kwangu: mahali mpini wa mbele unapoanzia, milimita 18.4, unapoishia, sentimita 30 juu yake, milimita 16.2. Hivyo ndivyo vipimo vya kuandika. Namba iliyo kwenye kiti cha rili, 18 au 20 au 22, ni ya ukubwa wa kiti chenyewe, wala si kipenyo cha tundu lake. Wengi wameagiza kwa kuiamini wakajikuta na kiti kinachocheza.

Urefu wa mpini wa nyuma pima kwa mwili wako. Kwa fimbo ya kurusha chambo bandia, shika rili kama unavyoishika majini, kitako cha fimbo kifike kiwikoni au kipite kidogo. Kwa fimbo ya ufukweni, weka kitako kwapani na unyooshe mkono. Rili ikae pale kiganja kinapofika bila kujivuta.

Hatua ya nne: tundu

Mipini mingi inayolaumiwa haina kosa lolote, tatizo ni tundu.

EVA inavutika, kizibo hakivutiki. Tundu la kizibo lilingane na ufito kabisa. Tundu la EVA liwe dogo kuliko ufito kwa milimita moja hadi mbili. Likilingana, gundi peke yake ndiyo itakayoshikilia, na sponji itazunguka siku ya samaki mkubwa. Likiwa dogo kwa milimita nne, sponji itajivuta, itavimba katikati, na baada ya muda itapasuka kwenye midomo, hasa ukishaipiga msasa ikawa nyembamba.

Kwa ule ufito wangu nilitoboa tundu lenye mteremko: 17 chini, 14.7 juu. Mabomba mengi huja na tundu la robo inchi, yaani milimita 6 na kitu. Kulipanua kwa biti ya drili ni kujitafutia balaa, kwa sababu biti hunasa sponji na kuitafuna. Tengeneza tupa yako mwenyewe. Chukua mkia wa ufito uliovunjika, wenye mteremko unaofanana na ufito wako, uzungushie ukanda wa msasa namba 60 kwa kuuviringisha kama mzabibu unavyopanda mti, ubandike kwa gundi. Izungushe kwa mkono au kwa drili ya mwendo wa polepole, ingiza, toa, kung'uta vumbi, pima. Kila ukimaliza upande mmoja geuza na uhakikishe tundu halijaenda upande. Vaa barakoa. Vumbi la EVA ni jepesi na hukaa hewani muda mrefu.

Hatua ya tano: kuvisha na kubandika

Kila kitu huingia kutoka nchani kushuka kitakoni, kwa hiyo mpangilio ni huu: mpini wa nyuma kwanza, kisha kiti cha rili, kisha mpini wa mbele. Fanya hivyo kabla ya kufunga pete yoyote. Visha vyote vikavu kwanza. Ukiona mpini unakwama sentimita kumi kabla ya alama, toa ukapanue tundu, usijidanganye kwamba gundi itauteleza.

Najua ninachosema. Mpini wangu wa kwanza niliubandika kwa gundi ya viatu. Ile gundi ni nzuri kwa soli, ila inashika ikigusa tu. Nilisukuma mpini ukaja vizuri, ukaja, halafu ukasimama. Ulikuwa umebakiza upana wa mkono kufika. Hauendi, haurudi. Niliukata kwa wembe ukatoka vipande, nikakwangua ufito siku nzima.

Tumia epoksi ya sehemu mbili inayokauka polepole, ya dakika 30 au zaidi. Ya dakika tano haikupi nafasi ya kurekebisha. Na kumbuka joto letu: epoksi iliyoandikwa dakika 30 hukimbia zaidi mchana wa Februari huku Pwani, hasa ikirundikwa kwenye kikombe, kwa sababu yenyewe hutoa joto inapokaza. Ichanganye juu ya kifuniko bapa, uitandaze, ufanye kazi asubuhi.

Kwaruza ufito kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao uondoke, pale tu mpini utakapokaa. Futa kwa spiriti. Paka epoksi tabaka jembamba kwenye ufito, nyingine kidogo ndani ya tundu kwa kijiti. Epoksi yenyewe ndiyo kilainishi. Sasa chukua ubao uliotobolewa tundu linalopitisha ufito lakini halipitishi sponji, uvishe juu ya mpini, usukume kwa ubao ule huku msaidizi akishikilia kitako. Ukisukuma kwa viganja, sponji inabana unapoishika na ndiyo inazidi kukwama. Ubao unasukuma kutoka mwisho, sponji inajikunja kidogo na kwenda mbele kama jongoo.

Ikifika, iache ipumue. Sponji iliyosukumwa imejifupisha. Isipoachwa inyooke itajivuta usiku na kukuachia pengo kati yake na kiti. Ivute taratibu irudi urefu wake, futa epoksi iliyotoka kwa kitambaa cha spiriti, funga utepe wa karatasi kuishikilia, lala nayo mpaka kesho.

Chini ya kiti cha rili jaza nafasi kwa pete za ile poliurethani ngumu au kwa mikanda ya utepe wa karatasi yenye nafasi kati yake, epoksi ijaze mapengo. Utepe usifunike ufito wote, la sivyo kiti kitakuwa kimebandikwa kwenye karatasi.

Hatua ya sita: kuuchonga

Mpini ulionunuliwa ukiwa na umbo lake tayari unaweza kuuacha. Ukitaka kuuchonga, fanya hivyo kabla ya kuubandika: upitishe kwenye boliti ndefu yenye nati na washa pande zote mbili, uifunge kwenye drili, msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, kisha 400. Mwendo wa wastani. EVA ikipata joto inayeyuka juu juu na kung'aa kama imepakwa mafuta, na hapo rangi na mguso vyote vimeharibika. Mikono iwe myepesi, msasa ubadilishwe mapema. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, ile manyoya manyoya inalala.

Kukarabati fimbo yenye pete tayari

Mpini wa mbele hautapita kwenye pete. Ama ung'oe pete zote, ama upasue sponji mpya kwa wembe kwa urefu, uivishe kama ganda la muhogo, uibandike na kuufunga mshono kwa epoksi. Mshono uuweke upande ambako kiganja hakisugui. Mpini wa nyuma ni rahisi: toa kofia ya kitakoni uusukumie kutoka huko, EVA itakubali kuvutika.

Halafu kuna swali linaloulizwa kila mara: ndala je? Inawezekana. Jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu na kuzinduliwa mwaka 2018 lilifunikwa kwa vipande vya ndala zilizookotwa, kama 30,000, sembuse mpini mmoja. Chagua ndala nyepesi zinazoelea, zisizo na alama ya kudumu pale kisigino kinapokaa. Kata vidonge vya milimita 40 kwa msumeno wa duara wa drili, utoboe katikati, uvipange kwenye boliti kimoja baada ya kingine. Hapa sasa gundi ya viatu inafaa, tabaka jembamba sana, kwa sababu ikizidi hujitokeza kama mistari migumu ambayo msasa hauiondoi. Unyayo wa unene wa milimita 15 unahitaji vidonge 17 kufikisha sentimita 25, na jozi moja ya ndala za mtu mzima hutosha. Bana kwa nati, acha siku mbili, toboa, chonga. Mpini wa ndala za bluu na nyeupe nilimfungia kijana mmoja anayevulia changu gatini. Kabla ya kuuvisha, upime tena kwa ukucha, kidonge kwa kidonge, maana kimoja laini katikati ndicho kitakachochimbika.

Fimbo ikishakuwa tayari, usiuache mpini ndani ya gari lililofungwa juani, EVA husinyaa. Na usiufute kwa petroli hata ukichafuka vipi.